Kituo Nilichokiruka

Kama umekaa kwenye benchi nje ya kituo cha afya, na kikopo cha makohozi umekifunga ndani ya kitambaa ili majirani wasikione, basi haya nimekuandikia wewe. Mimi si daktari. Ni fundi wa kushona, mjane, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi, na watu huniita Mama Nadège kwa jina la binti yangu. Nilikaa kwenye benchi la namna hiyo kuanzia mvua za Desemba mpaka baridi ya Juni. Kikopo changu nilikifunga kwa vitambaa viwili, maana nina majivuno kidogo.

Kikohozi kilinianza mwezi wa nane, wakati wa vumbi. Mwezi wa nane Katuba kila mtu anakohoa, nadhani hata kuku wanakohoa, kwa hiyo sikujali. Nilisema ni vumbi, halafu nikasema ni nyuzi za vitambaa. Mwezi wa kumi nikaanza kutokwa jasho hata shuka linalowa, na mita yangu ya kushonea ikaanza kunisema. Mimi kila siku napima viuno vya watu. Siku moja nikapima changu, nikakuta kimepungua vidole vinne. Nikaipunguza sketi, nikanyamaza. Wiki tatu baadaye nikaipunguza tena. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi maradhi yangu nilikuwa nayaficha kwa sindano na uzi.

Mwezi huohuo wifi yangu Filomena, dada ya marehemu mume wangu, alikuwa na ubatizo wa mjukuu wake huko Kampemba. Nilienda. Kwetu anayekupa chakula hukionja kwanza mbele yako, au mnakula sahani moja, ili moyo wako utulie. Siku ile watu walikuwa wengi mno, na Filomena, kwa kuniheshimu, alinitengea sahani ya peke yangu: bukari, yaani ule ugali wetu wa mahindi, na paja la kuku. Aliileta imefunikwa, akaiweka mbele yangu, akakimbilia wageni wengine. Hakuonja. Mimi nilikula nikamaliza, hata mfupa niliutafuna. Wiki iliyofuata nikatema damu.

Jirani yangu Mama Aline, mwenye kikundi cha maombi uani kwake, alikuja kuniona. Alinitazama shingoni kwa muda mrefu.

"Mama Nadège, ile kikohozi haiko ya vumbi," alisema. "Balikulisha sumu. Waza muzuri: fasi gani ulikula?"

"Nilikula kwa wifi, ku batême."

"Alionja?"

Nilitikisa kichwa.

"Unaona," akasema Mama Aline.

Simlaumu sana. Yeye aliuliza, jibu nililitoa mwenyewe. Ugonjwa usio na jina unatisha, lakini ukishaupa jina la mtu unapata angalau wa kumkasirikia. Nilimkasirikia Filomena kwa wiki mbili, na wakati nilipokuwa na hasira sikuwa na woga. Ndiyo maana niliishika hasira ile kwa mikono miwili.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja nilienda parokia yao Kampemba. Misa ilikuwa imekwisha, akina mama wamesimama uani na vikwembe vyao vya kikundi, yaani vitenge, ambavyo mimi mwenyewe ndiye niliyevishona. Filomena alikuwa amebeba kiti cha plastiki anakirudisha ndani. Sikumsalimia.

"Filomena! We njo ulinilisha! Ulinipa sahani ya peke yangu na haukuonja!"

Akina mama waligeuka. Filomena alikiweka kiti chini.

"Miye?"

"Weye!"

Alinitazama usoni, akatazama mikono yangu iliyobaki mifupa, na kwa sekunde moja nikadhani atakuja kunishika.

"Bon," alisema. "Mungu iko anaona."

Akabeba kiti chake akaingia ndani. Nilirudi Katuba nikijiona nimeshinda, na njia nzima nilikohoa.

Mwezi wa kumi na mbili Nadège aliniambia kwamba sasa tunakwenda kwenye kituo cha afya, nipende nisipende. Nilitoa makohozi siku mbili. Siku ya tatu muuguzi alitukalisha. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya polepole, aina ya mtu ambaye huwezi kugombana naye.

"Mama, haiko sumu. Ni tuberculose," alisema. "Inaponaka. Lakini dawa ni miezi sita, kila siku, asubuhi, mbele yangu. Usiruke ata siku moya."

Sikusikia vizuri mengine aliyosema. Nilikuwa naona kiti cha plastiki. Kwa miezi yote ile kifua kikuu kilikuwa ndani yangu, tangu vumbi, kabla ya ubatizo, kabla ya sahani. Maji yakimwagika hayazoleki, na yangu niliyamwaga mbele ya parokia nzima.

Nadège alikuwa na swali moja tu. "Na mutoto?"

Mjukuu wangu Debora alikuwa na miaka mitatu, na tulikuwa tunalala chumba kimoja. Muuguzi alisema mtoto apimwe, halafu kwa sasa alale kwingine. Alipimwa, hakuwa na kitu, namshukuru Mungu. Nadège akamfunga mgongoni akatoka naye. Jioni alirudi peke yake, akaanza kuosha vyombo. Kikombe changu alikuwa amekitenga, na kwenye mkono wa kikombe hicho amefunga uzi mwekundu kutoka kwenye kikapu changu cha kazi.

"Debora iko wapi?" niliuliza.

"Kwa tantine Filo."

"Filomena alikubali?"

"Alisema: lete. Ile tu njo alisema."

Nililia. Sikulia kwa ajili ya ugonjwa. Nililia kwa sababu mwanamke niliyemwita muuaji alikuwa anamlalisha mjukuu wangu kitandani kwake.

Siku za kwanza za dawa hakuna anayekuambia vizuri, kwa hiyo mimi nakuambia: mkojo utakuwa mwekundu wa machungwa, hata machozi yatabadilika rangi, na usiogope. Mimi niliogopa. Leso yangu nyeupe ilishika rangi nikadhani nalia damu. Vidonge ni vikubwa, vinamezwa tumbo likiwa tupu, na baada yake dunia inanuka. Muuguzi alikuwa anatutazama mmoja mmoja tukimeza, halafu anasema "aksanti" kana kwamba tumemfanyia kazi. Neno lile dogo lilinisaidia kuliko alivyojua.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni kungoja. Unangoja dirisha lifunguliwe, unangoja jina lako, unangoja kichefuchefu kipite ili uweze kutembea kwenda nyumbani. Tulikaa verandani, mwili mmoja huku, mwingine kule, kila mtu na kitambaa chake mdomoni, na hakuna aliyezungumza maana kila neno lilileta kikohozi.

Wiki ya pili Nadège alirudi kutoka Kampemba na kitu kilichofungwa katika kikwembe cha zamani. Ndani yake kulikuwa na daftari la mistari ya miraba, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi. Nililijua bila kuwahi kuliona. Lilikuwa la baba mkwe wangu, Papa Selestini, aliyekuwa mtu wa breki kwenye treni za kwenda kaskazini, na siku za mapumziko alikuwa katekista. Filomena, binti yake, ndiye aliyelirithi, na hata mume wangu, kaka yake mwenyewe, hakuwahi kuruhusiwa kuondoka nalo.

"Alisema nini?" niliuliza.

"Alisema: mupatie mama yako, juu ya kule ku lopitali banangojaka sana."

Kila ukurasa ulikuwa na jina la kituo juu, na chini yake sala ya mistari michache. Nadhani treni yake iliposimama kungojea nyingine ipite, yeye alitoa kalamu. Hakumwomba Mungu vitu vikubwa. Alimwomba vitu vya mtu aliyesimama mahali. Ukurasa wa kwanza niliofungua ulikuwa wa Bukama.

*Bwana, gari limesimama,*
*na mimi nimesimama nalo.*
*Wanasema kesho, wewe hukusema siku.*
*Nifanye mtu wa kungoja,*
*nisiwe mtu wa kuuliza saa.*

Mimi nilikuwa namuuliza muuguzi saa kila baada ya dakika kumi. Nikacheka peke yangu, kicheko kikaniletea kikohozi, lakini nilikuwa nimecheka.

Nilianza kwenda na daftari kwenye benchi. Mwanzoni nilisoma kwa macho. Halafu siku moja jirani yangu wa benchi, Papa Ilunga, dereva wa lori aliyekuwa amekonda hata saa yake inamteleza mkononi, akasema, "Mama, soma kwa sauti, na siye tusikie. Unakulaka peke yako."

Nilisoma Bukama kwa sauti. Mstari mmoja niliukata mara tatu kutafuta hewa. Shairi la mistari mitano lilinichukua muda wa kupika chai. Hakuna aliyelalamika, maana pale wote tulikuwa na pumzi za kuokoteza. Tangu siku ile nilijipima kwa mashairi badala ya mita. Mwezi wa kwanza, uyoga ulipoanza kuuzwa njiani, nilifika mstari mmoja kwa pumzi moja. Mwezi wa pili mistari miwili. Unaweza usione mwili wako unapona, lakini mstari hausemi uongo, ama umefika mwisho wake ama hukufika.

Nisieleweke vibaya. Dawa ndiyo iliyoniponya. Mashairi hayakuua mdudu hata mmoja. Lakini yalinipa namna ya kukaa ndani ya siku bila kupigana nayo. Lile la Kamina lilikuwa la kumshukuru Mungu kwa mama mmoja wa stesheni aliyempa Papa Selestini chai bila kumuuliza jina. Nililisoma nikaanza kuziona chai zangu mwenyewe: "aksanti" ya muuguzi, jua la saa tatu kwenye ukuta wa veranda, Nadège anayenichemshia maji ya kuoga kila asubuhi huku amenuna. Alikuwa amenuna, lakini maji yalikuwa ya moto.

Mwishoni mwa miezi miwili makohozi yalikuwa safi. Dawa zikapungua, nikawa naenda kituoni mara moja kwa wiki, siku ya Jumatatu, na muuguzi akasema mtoto anaweza kurudi.

"Tungoje kiloko, siku kidogo," alisema Nadège.

"Tungoje nini? Docteur alisema niko safi!"

"Mama, juzi ulikuwa unatapika damu. Niache na woga yangu."

Tuligombana siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu nianze dawa, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Magoti yalikuwa yananiuma, dawa zinafanya hivyo, lakini si magoti yaliyosema. Moyoni nilijua kwamba Debora akibaki Kampemba, mimi nitalazimika kwenda kumwona, na kumwona Debora ni kumwona Filomena. Hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia.

Maana kwetu neno lililosemwa mbele ya watu huondolewa mbele ya watu walewale, mahali palepale. Huwezi kulifuta kwa simu wala kumtuma mtoto na kuku. Nilijiambia bado sina pumzi ya kusema uani, ngoja nipone kwanza. Ilikuwa sababu nzuri. Nilikaa nayo vizuri sana mpaka mwezi wa nne, na Debora akabaki Kampemba.

Jumatatu moja, mvua zinaanza kuaga, nilikuwa nimemaliza sala ya Likasi na nafunua ukurasa kwenda mbele. Papa Ilunga, ambaye sasa mashavu yake yalikuwa yamerudi, akaniinulia kidole.

"Mama, ile njia mi ninaijua. Nimeifanya miaka. Mbele ya kufika Bukama kuko Tenke. Mbona unarukaka Tenke?"

"Karatasi ililowa," nilisema.

"Karatasi ililowa," akarudia, na akamgeukia muuguzi aliyekuwa dirishani. "Docteur, ule mama anaruka."

Muuguzi hakujua tunazungumza nini. Akajibu kama anavyomjibu kila mtu. "Mama, nilikuambia: usiruke ata moya!"

Benchi zima lilicheka, na mimi nikacheka nao, lakini uso wangu ulikuwa wa moto. Ukurasa wa Tenke niliusoma mwezi wa kwanza, peke yangu, mara moja, na tangu siku ile nilikuwa naubana kwa kidole gumba ili usifunguke. Nikaufungua. Karatasi ilikuwa kavu kabisa.

*Bwana, nilimpigia mwenzangu kelele*
*kwa kosa la breki, na breki ilikuwa yangu.*
*Yeye yuko behewa la mwisho, mimi niko la kwanza.*
*Kabla hatujaondoka nipe miguu*
*ya kurudi nyuma, behewa kwa behewa,*
*mpaka nimwone usoni.*

Mistari mitatu ya kwanza niliisoma kwa pumzi moja, na mitatu ya mwisho vilevile. Ndipo nilipojua kwamba ile sababu yangu nzuri imekwisha. Pumzi ninayo. Kilichobaki ni miguu.

Papa Ilunga alisogeza kofia yake, akatazama barabara. Sijui kama Filomena alilituma daftari kwa ajili ya ukurasa ule. Sikuwahi kumuuliza, na sasa naona haijalishi.

Hata hivyo sikwenda kesho yake. Mimi si mtu wa hadithi za watakatifu. Nilingoja mwezi wa tano upite, nikangoja kipimo cha mwisho, na katikati ya mwezi wa sita muuguzi alinipa karatasi yangu na mkono wake, mkono mtupu bila kinga, akasema nimemaliza. Nilifika nyumbani nikakata ule uzi mwekundu kwenye kikombe. Nadège aliniona, hakunizuia. Jumapili iliyofuata nilivaa sweta mbili, maana baridi ya Juni haina adabu, nikafunga daftari katika kikwembe chake, nikaenda Kampemba.

Misa ilipokwisha nilisimama palepale uani. Akina mama waliponiona, wengine walirudi nyuma hatua moja, wengine kwa sababu ya kifua kikuu na wengine kwa sababu ya ulimi wangu. Filomena alitoka wa mwisho. Debora alikuwa ameshika kikwembe chake, ameongezeka urefu. Aliponiona alijificha nyuma yake kama nilikuwa mgeni.

"Bamama," nilisema, "mu mwezi wa kumi na moya nilisema hapa mbele yenu kama Filomena alinilisha sumu. Ile ilikuwa bongo, haikuwa kweli. Nilikuwa na tuberculose tangu mbele ya ile batême. Yeye alinipa chakula kwa heshima, miye nikamupa jina ya mulozi. Na bado alichunga mutoto wangu miezi sita…"

Hapo pumzi iliniishia. Nilikuwa nimeipima kwenye mashairi, lakini mashairi hayatetemeki. Nilifungua mdomo, hakuna kilichotoka, nikaanza kukohoa, kikohozi kikavu cha makovu tu, na nikaona wengine wanarudi hatua ya pili. Nilitaka ardhi inimeze.

Filomena hakurudi nyuma.

"Maliza, wifi," alisema. "Tunangoja."

Wakangoja. Ua mzima ulingoja, na hakuna aliyeuliza saa.

"Filomena, nilikukosea," nilisema. "Unisamehe."

Hakunikumbatia. Yeye si mtu wa kukumbatia. Alichukua kile kifurushi cha daftari mkononi mwangu, akakiweka kwapani, akasema, "Twende ku nyumba. Baridi hii itakurudisha mu lopitali."

Kwake alileta maji tukanawa. Akaleta sahani moja, bukari inafuka moshi, matembele na samaki wakavu, akaiweka katikati yetu. Debora alikaa mbali, ananichunguza. Mimi nikauliza kuhusu daftari.

"Wifi, mwisho kabisa kuko ukurasa wenye jina tu, Lubumbashi, na chini hakuna kitu. Papa hakumaliza?"

Filomena alicheka, mara ya kwanza kumsikia tangu siku ya ubatizo.

"Alimaliza. Siye batoto tulikuwa tunamuuliza vilevile. Alikuwa anatuambia, ukifika ku nyumba hauandikake. Unakulaka."

Halafu akaacha kucheka. Akanyoosha mkono, akamega kipande cha kwanza, akakichovya kwenye mboga, akakiinua polepole ili nimwone vizuri. Alikuwa anataka kuonja mbele yangu. Ilikuwa haki yake na haki yangu, na kila mtu wa kwetu angefanya hivyo.

Mkono wangu ulitangulia. Nilimega tonge kubwa upande wake wa sahani, nikalitia mdomoni, likaniunguza ulimi. Tonge lake lilibaki hewani.

"Wifi," alisema, "mi bado kuonja."

"Ninajua," nilimwambia, mdomo umejaa. "Tukule."